Picha Yenye Chenga

“Usipepese,” nilimwambia kaka.

“Sijapepesa.”

“Umepepesa. Tutarudia. Tazama hapa nilipo.”

“Hapo ulipo ni wapi? Giza tupu humu, hata sijui naongea na nani.”

Tulikuwa ndani ya stoo ya studio, mlango umefungwa, mwanga pekee ni ule uliopenya chini ya mlango kutoka ukumbini. Kaka alikuwa ameketi juu ya kreti la soda. Mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya stendi ya miguu mitatu, nalipiga picha jicho lake, mara kwa kamera hii, mara kwa ile, nikitafuta ipi kati ya hizo mbili inaona vizuri zaidi gizani.

“Polepole, wewe hata kuzaliwa ulichelewa,” alisema. “Chagua moja tutoke, nimeota magamba humu.”

Polepole ni jina langu la nyumbani. Yeye anaitwa Sabuni, kwa sababu ndiye anayesafisha picha kwenye kompyuta. Mteja akija na chunusi uso mzima, kwa Sabuni hutoka kama yai lililomenywa. Wateja wanampenda kwa hilo, na studio yetu imesimama kwa hilo.

Sikuwa na haraka, na sababu yangu ilikuwa imelala chumba cha mwisho cha nyumba hiyohiyo.

Mama aliteleza bafuni akaanguka chali. Siku ile alicheka, akasema sakafu imempiga mweleka. Baadaye kichwa kikaanza kumuuma upande mmoja, na mwanga ukawa adui yake. Tulipompeleka hospitali alikaza kope tangu getini, na kila walipojaribu kummulika alitapika. Wakampa dawa za maumivu, tukarudi naye amefunikwa shuka usoni. Tangu hapo alikuwa akiishi chumbani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi.

Hatimaye tulimpata kwa simu daktari bingwa wa hospitali kubwa, mwanamke asiyepoteza maneno. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Nataka kuziona mboni zake gizani, akiwa amefumbua macho mwenyewe. Gizani mboni hupanuka. Zikipanuka zote mbili sawasawa, nafuu kwetu. Moja ikibaki ndogo, huenda mshipa wa damu wa shingoni umechanika kwa ndani, na hapo shingo hiyo asiiguse mtu. Mashine ya kupima ni moja na foleni yake ndefu. Nikipata dalili, nitampitisha mbele. Mpaka nione picha, msimkande.”

Neno hilo la mwisho lilitushika pabaya. Kila jioni mama mdogo alikuwa akimkanda Mama shingo kwa mafuta ya moto, na Mama alisema ndicho kitu pekee kinachomwacha apate usingizi.

Tulijaribu simu zetu, zikatoa uji mweusi. Tukajaribu kamera ya studio, nayo imezoea taa, ikatoa uji uleule. Macho ya Mama ni ya kahawia iliyokolea sana, na mboni yenyewe ni nyeusi. Kwenye mwanga hafifu, kuona mpaka kati ya weusi na kahawia ile ni kazi kweli. Ndipo tukamwendea rafiki yake kaka, mpiga picha za harusi tunayemwita Bwana Shughuli. Alituletea kamera mbili za kazi, kila moja na lenzi yake ya mdomo mpana, inayomeza mwanga mwingi.

“Kesho nina harusi,” alisema. “Leo jioni nitapita kuchukua moja. Mtakayoichagua ibaki kwenu mpaka mgonjwa apone.”

Ya kwanza ilikuwa mpya, nyepesi, haina sauti hata kidogo. Ilitafuta jicho yenyewe gizani na picha ikatoka safi. Tukaiita Bi Harusi. Ya pili ilikuwa kuukuu na nzito, ukibonyeza inalia kwapu kama mfuniko wa sanduku, na picha zake gizani zilijaa chenga, zile punje za televisheni ya zamani antena ikiyumba. Hiyo tukaiita Punda.

Tulipotoka stoo, kaka aliweka picha za jicho lake kwenye kompyuta, moja kulia na moja kushoto. La Bi Harusi lilikuwa laini kama limechorwa. La Punda lilikuwa kama limemwagiwa mchanga.

“Sasa hapa kuna mjadala gani?” aliuliza.

“Ngoja zote mbili zimpige Mama picha, kwenye giza lilelile. Halafu tutasema.”

“Utasema wewe. Mimi nimeshasema.”

Tuliingia chumbani kwa Mama tukipapasa ukuta. Harufu ya mafuta ya kukandia ilikuwa imeganda hewani.

“Nani hao?” Sauti yake ilikuwa nyembamba.

“Ni sisi, Mama.”

“Sabuni yumo? Mwambie asogee kule, jina lake na jasho lake haviendani.”

Nilianza na Punda. Nilikuwa nimezima flashi, nikahakikisha, nikahakikisha tena. Nilimwomba Mama afumbue macho. Nikabonyeza nusu ili kamera itafute fokasi, ijue jicho liko umbali gani, na papo hapo taa ndogo ya rangi ya chungwa ikawaka mbele ya kamera na kumpiga usoni.

Mama alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwake. Alijikunja, akajifunika mto, kisha nikamsikia akitapika. Mama mdogo alikuja mbio na beseni.

Taa ile huwa inawaka yenyewe fokasi ikikosa mwanga. Sisi watu wa studio hatupigi picha gizani, kwa hiyo hatukuwahi kuiona ikiwaka. Hata kule stoo nilikuwa nimeweka fokasi mlango ukiwa wazi, ndipo nikafunga. Niliikumbuka flashi, kitaa hicho sikukijua.

“Toa hilo dude lako nje,” kaka aliniambia akiwa ameuma meno. “Toa!”

Nilisimama ukumbini na Punda mkononi, nikisikia mama mdogo akimbembeleza dada yake. Muda ukapita. Kaka alirudi ndani na Bi Harusi, akaongea na Mama kwa upole kuliko nilivyomzoea. Sikusikia kwapu wala chochote.

“Mtapiga lini?” Mama aliuliza.

“Tayari, Mama. Tumemaliza.”

Picha ilikuwa nzuri. Uso wa Mama ulitokea gizani kama vile mtu amewasha mshumaa chumba cha jirani. Kaka aliituma papo hapo, na haikuchukua muda simu ikalia. Akaweka sauti kubwa sote tusikie.

“Nimeiangalia,” daktari alisema. “Kwa picha hii mboni zinalingana. Sioni dalili niliyokuwa naihofia.”

Kaka alipiga kofi la furaha.

“Na kumkanda?” mama mdogo aliuliza kwa sauti ya juu, kana kwamba simu ni kiziwi.

“Kama kunampa nafuu, taratibu tu.”

Simu ikakatwa. Mama mdogo alikwenda jikoni kupasha mafuta. Kaka alianza kumrudisha Punda kwenye begi lake, akipiga mluzi. Nje honi ikalia: Bwana Shughuli amefika.

Mimi nilibaki kwenye kompyuta. Nilifurahi pia, sitasema uongo, lakini kuna kitu hakikukaa sawa na sikuweza kukisema ni kitu gani. Niliikuza picha. Mboni zilikuwa duara, nyeusi, zinafanana. Nikapandisha kwenye weupe wa jicho la kulia, nikatafuta, nikatafuta tena.

Mama ana kidoa cheusi kwenye weupe wa jicho hilo, kidogo kama punje ya pilipili manga iliyosagwa. Amezaliwa nacho. Tulipokuwa watoto alikuwa akituambia hicho ndicho anachotuonea tukiwa nyuma yake. Kwenye picha hakikuwepo.

“Kaka. Umeisafisha hii picha?”

“Sijaigusa.”

“Kweli?”

“Haki ya Mungu. Imetoka kwenye kamera, nimeituma. Kwa nini?”

“Kidoa cha Mama hakipo.”

Alikuja akainama, akatazama. “Giza hilo. Hakikuonekana.”

“Au kimesafishwa kabla hakijatufikia. Kamera hii inafuta chenga humohumo ndani, hatujaiambia. Ikiweza kufuta kidoa, itashindwa nini kulainisha ukingo wa mboni?”

“Polepole.” Alivuta pumzi. “Daktari amesema ziko sawa. Daktari!”

“Daktari ameona tulichompa.”

Bwana Shughuli alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari kidoleni. “Jamani, naona kama nimeingilia kesi. Nichukue ipi?”

“Hiyo begini,” kaka alisema.

“Subiri,” nilisema mimi.

Harufu ya mafuta ilianza kutoka jikoni. Nilikwenda huko haraka kuliko jina langu.

“Mama mdogo, naomba usimguse kwanza.”

“Si daktari amesharuhusu? Nimesikia kwa masikio yangu.”

“Ameruhusu kwa sababu ya picha. Mimi picha yenyewe nina wasiwasi nayo.”

“Kwa hiyo wewe ndiye daktari sasa.”

“Hapana. Kwenye shingo sijui kitu. Kwenye picha najua kidogo. Nipe nafasi nifanye jaribio moja, nikikosea utanisema mpaka uchoke.”

Kutoka chumba cha mwisho Mama aliita: “Mdogo wangu, mbona huji? Shingo inaniua.”

Mama mdogo alinitazama. Sufuria ilikuwa mkononi mwake, mafuta yanatoa moshi. “Unamsikia?”

“Namsikia.”

“Fanya upesi,” alisema, akairudisha sufuria juu ya jiko bila kuwasha moto.

Nilihitaji kitu ambacho jibu lake nalijua. Nilikata kipande cha karatasi ya kaki, nikaipaka kahawia mpaka ikakaribia rangi ya macho yetu. Nikachora juu yake duara mbili nyeusi kwa kalamu ya wino mzito, ya kushoto ndogo kidogo kuliko ya kulia. Tofauti haikuwa kubwa, ila kwenye mwanga mtu yeyote angeiona. Nikaibandika ukutani ndani ya stoo, pale kichwa cha kaka kilipokuwa.

Nilimtoa Punda begini, nikakiziba kitaa chake kwa utepe mweusi, tabaka juu ya tabaka. Nikapiga kwa Punda, nikapiga kwa Bi Harusi. Kaka alisimama nje ya mlango akigonga kucha kwenye fremu, na kila alipogonga nilihisi anagonga utosini mwangu.

Tulizifungua picha pamoja, Bwana Shughuli naye nyuma yetu. Kwa Bi Harusi tuliona mabaka mawili meusi, laini, yanalingana. Kwa Punda kulikuwa na mchanga kila mahali, lakini ukirudi nyuma hatua moja ukatazama, la kushoto lilikuwa dogo.

Kaka aliisogelea skrini, kisha akarudi nyuma hatua moja.

“Geuza karatasi,” kaka alisema mwishowe. “Juu iwe chini. Piga tena.”

Niligeuza, nikapiga. Kwa Punda, duara ndogo ikahamia kulia. Kwa Bi Harusi, mabaka mawili sawasawa kama mwanzo.

“Lakini hii ndiyo kamera yangu bora,” Bwana Shughuli alisema, kama mtu aliyetukaniwa mke.

“Kwa harusi ni bora,” nilimwambia. “Niachie hiyo nyingine.”

Alijikuna kidevu, akafungua begi, akamtia Bi Harusi mahali pa Punda. “Chukua. Lakini mama yenu atakubali kweli? Sabuni amenisimulia habari ya ile taa.”

Hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa. Nilibisha mlango wa Mama, nikaingia peke yangu, nikakaa sakafuni karibu na kitanda. Nilimweleza yote bila kupunguza kitu.

“Kile kimulimuli chako,” alisema, “kilinitoboa mpaka kisogoni.”

“Nimekiziba, Mama. Shika.” Nilimwekea Punda mikononi, nikaongoza kidole chake mpaka kwenye utepe. Aliupapasa, akaukwaruza kwa ukucha, ukagoma kutoka.

“Na nikikataa?”

“Mama mdogo atakuja kukukanda. Na mimi sitajua kama tunakuponya au tunakuua.”

“Unamwambia mama yako hivyo?”

“Sina maneno mengine.”

Alinirudishia kamera. “Haya. Ila Sabuni abaki nje. Anahema kama ng’ombe aliyepanda mlima.”

Fokasi ya kujitafutia sikuitaka tena. Kule stoo, mlango ukiwa wazi, nilikuwa nimefunga uzi kwenye kamera, nikapima urefu mmoja, nikaiweka fokasi hapohapo kwa mkono na kuifunga isisogee. Sasa nilimpa Mama ncha ya uzi, nikamwomba aishike kwenye nyusi. Nilirudi nyuma mpaka uzi ukakaza. Kioo cha kamera nilikuwa nimekizima kisitoe hata cheche ya mwanga, kwa hiyo nilikuwa nafanya kazi kama kipofu, nikiongozwa na uzi ule tu.

“Fumbua, Mama. Tazama mbele. Usisogee mpaka uisikie ikilia mara ya pili.”

Kwapu. Nikahesabu pumzi zangu, kamera nayo ikiwa imefumbua jicho lake. Kwapu.

“Punda wako ana mateke,” alinong’ona.

“Mara nyingine tena.”

“Inauma, mwanangu.”

“Najua. Mara nyingine tena, tafadhali.”

Nilipiga mpaka aliposema basi, nami sikubishana.

Ukumbini, kaka alikuwa ameshakaa kwenye kompyuta. Mama mdogo alisimama nyuma ya kiti chake, Bwana Shughuli hakuwa ameondoka. Picha ya kwanza ilikuwa imetikisika, ya pili vilevile. Ya tatu ilijaa chenga kiasi kwamba, siku nyingine yoyote, mteja angetutupia usoni. Lakini kidoa kilikuwepo, kwenye weupe wa jicho la kulia, mahali pake.

Mboni ya kulia ilikuwa pana, imekula karibu kahawia yote. Ya kushoto ilikuwa ndogo. Na sasa nikaona ambacho hatukukiona hata kidogo kwenye ile picha nzuri: kope la kushoto lilikuwa limeshuka kiasi, kama la mtu anayesinzia upande mmoja.

Mkono wa kaka ulikwenda wenyewe kwenye kitufe cha kusafisha, kwa mazoea tu. Akakumbuka, akaurudisha mapajani. Aliituma picha ikiwa vilevile, na chenga zake zote.

Safari hii simu ilikawia. Tulikaa tukiitazama pale mezani. Ilipolia, kaka aliiacha hata nikaipokea mimi.

“Hii imepigwa lini?” daktari aliuliza.

“Sasa hivi. Ile ya kwanza kamera iliilainisha. Tumehakikisha.”

“Nani amemkanda leo?”

“Hakuna.”

“Hakuna kabisa?”

“Hakuna, daktari.”

“Asikandwe. Alale, asizungushe shingo kwa nguvu, asiinue kitu. Mashine imeshafungwa kwa leo. Kesho asubuhi mleteni, atakuwa wa kwanza, nawapigia wahusika sasa hivi. Lakini ulimi ukiwa mzito, au mkono ukilegea, msisubiri kesho. Kimbilieni hospitali yoyote na mniite. Umenielewa?”

“Nimeelewa.”

“Rudia niliyosema.”

Nikarudia, neno kwa neno.

Nilipoweka simu chini, mama mdogo alikuwa ameketi sakafuni palepale aliposimama. Alikuwa akiitazama mikono yake, viganja juu.

“Kila jioni,” alisema. “Kila jioni nilikuwa nakaza hapo, na yeye ananiambia ongeza.”

“Hukujua, Mama mdogo.”

“Ananiambia ongeza, nami naongeza.”

Kaka alichuchumaa akamshika mabega. Bwana Shughuli alichukua begi lake na kutoka polepole, bila kuaga, jambo ambalo si kawaida yake. Baada ya muda mama mdogo aliinuka mwenyewe, akafuta uso kwa upande wa mkono, akaenda kukaa na dada yake gizani. Nilimsikia akimwambia leo hakuna kukandwa, na Mama akimuuliza kama mafuta yamekwisha mji mzima.

Ilibaki safari. Mama asingeweza kuvuka hata ua wetu kwenye mwanga wa asubuhi, sembuse barabara. Tulitoa kitambaa cheusi cha kutundika nyuma ya wateja, kile kizito, tukakitandaza juu ya boneti ya gari la kaka. Yeye alikata, mimi nilibandika kwa gundi kwenye vioo vya nyuma kutoka ndani. Tulifanya kazi bila kuongea sana. Mara moja aliuliza: “Tungeiamini ile ya kwanza, eh?” Nilipaka gundi nyingine; na mimi nilikuwa nimekaribia kabisa kuiamini.

Tulimaliza kioo cha kushoto. Cha kulia kilitusumbua, kitambaa kiliacha mwanya juu na mwanga ukapita kama kisu. Tukakibandua, tukaanza upya. Kufikia hapo jua lilikuwa limekwisha, na taa ya nje hatukutaka kuiwasha kwa sababu inamulika dirisha la Mama.

“Sioni tena ninapokata,” kaka alisema.

“Acha. Tukikosea kipimo hakuna kitambaa kingine.”

“Bado cha nyuma kizima. Na cha mbele tuweke pazia.”

“Tutaamka mapema.”

Alikunja kitambaa kilichobaki, akakiweka juu ya kiti cha nyuma, mkasi ndani yake. Alisimama mkono ukiwa kwenye mlango wa gari, hakuufunga.

“Unadhani amelala?” aliuliza.

Tulisikiliza. Ndani mama mdogo alikuwa akiongea chini kwa chini, anauliza kitu, anangoja, kisha anauliza tena. Mara ya tatu Mama akamjibu, kwa maneno yaliyotoka wazi, ulimi mwepesi. Ndipo kaka akaufunga mlango wa gari, taratibu, usipige kelele.